Mfanyakazi wa mshahara akiomba kupunguziwa masaa ya kazi: mwongozo kamili wa kulishughulikia ombi lake

Maombi ya aina hii yanaharibikaga palepale kila mara. Bosi anakubali kwa roho safi, mshahara unakatwa asilimia 20, siku moja inaondolewa kwenye ratiba, halafu kazi inabaki vilevile. Miezi miwili mbele mtu anafanya kazi ya siku tano ndani ya siku nne kwa hela pungufu, ananuna, anaandika barua ya kuacha kazi na wewe unabaki unashangaa si nilimpa alichoomba jamani.

Kwa hiyo kama wewe ni meneja, mwenye biashara au mtu wa HR (rasilimali watu) na ombi limeshatua mezani, shika mpangilio huu: kazi ipungue kwanza, masaa yafuate, mshahara uje mwisho. Karibu kila anayekwama ameanzia mwisho.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla hujaanza

- Mkataba wake wa sasa, na uusome kweli: masaa, siku, majukumu, na kama kuna kipengele kinachosema mabadiliko yanafanywaje.
- Sheria ya ajira ya nchi mliyopo, au namba ya mwanasheria anayeijua.
- Salari slipu yake ya mwezi uliopita, yenye makato yote.
- Rekodi ya likizo: amechukua siku ngapi, amebakiwa na ngapi.
- Masharti ya bima ya afya na mfuko wa pensheni.
- Sera ya kampuni kama ipo, pamoja na maombi ya nyuma yaliyoamuliwa (muhimu sana, tutaona kwanini).
- Kalenda yake ya wiki nne zilizopita.
- Excel au kalkuleta tu.

Ukikosa kimoja kitafute kwanza. Hasa salari slipu, maana bila hiyo hesabu ya hatua ya 5 itakuwa ya kubuni.

Hatua ya 1: Ombi liwe kwenye maandishi

Wengi wanaomba kwa mdomo, koridoni, au kwa meseji ya WhatsApp saa tatu usiku. Usijibu hapohapo. Ukishasema "haina shida" umeshakubali kitu ambacho hujui ukubwa wake, na kurudi nyuma itakuwa vita.

Mwambie aandike hata imeli fupi yenye mambo manne: anataka masaa mangapi au siku zipi, kuanzia lini, kwa muda gani, na anaonaje kazi zake zitafanyikaje.

Sababu si lazima aandike, na hapa mameneja wengi hatuelewani lakini mimi nasimamia palepale. Ukiijua sababu utaanza kuipima, huyu ana mtoto mchanga sawa, yule anataka kurudi shule mmh, mwingine ana biashara pembeni ndo hapana kabisa, na ukishakuwa hakimu wa maisha ya watu umejitafutia kesi ya ubaguzi mwenyewe. Wewe pima kama kazi itaenda au haitaenda. Ila akikwambia mwenyewe kwamba ni ugonjwa, ulemavu, ujauzito, kunyonyesha au kuuguza mtu wa nyumbani, hilo lichukulie kwa uzito wake, maana sheria nyingi zina ulinzi maalum kwa hali hizo na huenda ombi likahama kabisa kutoka kwenye hisani kuwa haki.

Kisha mjibu, kitu kama hiki:

"Nimepokea ombi lako la kupunguza masaa. Tukae Alhamisi saa nne tulipitie pamoja. Jibu kamili utalipata kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa sasa ratiba na mshahara vinaendelea kama vilivyo."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo kuna watu wanaanza kuondoka mapema Ijumaa wakijua mambo yameshakubaliwa.

Hatua ya 2: Angalia kama una uhuru wa kukataa

Nchi zinatofautiana sana hapa. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba kuanzia siku yake ya kwanza kazini, mwajiri anatakiwa kumaliza kila kitu ndani ya miezi miwili na hawezi kukataa kabla hajazungumza naye. Ujerumani wamekaza zaidi: kwenye kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 15, mtu aliyekaa zaidi ya miezi sita anaomba miezi mitatu kabla, na mwajiri asipomkatalia kwa maandishi angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kuanza, masaa yanahesabika yamepungua kama alivyoomba. Yaani kukaa kimya ni kukubali. Kwingine sheria haisemi lolote na ni makubaliano yenu tu.

Halafu kuna mtego wa kiwango cha mshahara. Marekani, mtu wa mshahara asiyelipwa ovataimu anatakiwa apate angalau dola 684 kwa wiki kwa sheria ya taifa, na kiwango hicho hakigawanywi eti kwa sababu anafanya nusu wiki. Ukimkata akashuka chini yake, anageuka kuwa mtu wa kuhesabiwa masaa na kulipwa ovataimu, na mhasibu asipojua deni linajijenga kimyakimya.

Ukimaliza hatua hii uwe na majibu matatu kwenye karatasi: mwisho wa kujibu ni lini, sababu zipi zinakubalika kukataa, na kiwango gani cha mshahara hutakiwi kukivuka kushuka chini.

Hatua ya 3: Kaa naye mjue anataka nini hasa

"Kupunguza masaa" kuna sura nyingi na watu wanazichanganya:

- Siku chache: siku nne za masaa nane, jumla 32.
- Siku fupi: siku tano za masaa sita na nusu hivi.
- Kubana: masaa 40 yaleyale ndani ya siku nne. Hii haipunguzi kitu, mshahara haukatwi hata senti, ni kubadilisha ratiba tu.
- Kwa muda: miezi sita halafu anarudi kama zamani.
- Kwa msimu: anapunguza miezi ambayo kazi imelala.

Muulize swali moja: siku ambayo haupo, unahitaji iwe siku gani na inaweza kuhama? Wengine wakishabanwa kidogo utakuta anachotaka ni kutoka saa tisa siku mbili kwa wiki, basi, na hiyo mnaimaliza kwa kuingia mapema bila kugusa mkataba wala mshahara.

Usimwambie "hela utapungukiwa lakini" kwa sauti ya kutisha. Mwambie hesabu kamili ataiona kabla hajasaini, ili aamue akiwa na macho wazi. Na usiahidi chochote kwenye kikao hiki, wewe sikiliza uandike.

Hatua ya 4: Ipime kazi yenyewe (hapa ndo pana kazi)

Hii ndo hatua inayorukwa. Mpe kazi ya wiki mbili aandike kila anachofanya na muda wake, bila kupamba. Wewe kaa na ile kalenda ulinganishe.

Tuchukue mhasibu mmoja wa mfano, mkataba wake masaa 40, ameomba 32. Orodha yake ya wiki inatoka hivi:

- Kuingiza ankara: 10
- Malipo ya wasambazaji: 6
- Kufuatilia wanaodaiwa: 9
- Kulinganisha vitabu na taarifa za benki: 5
- Ripoti: 4
- Vikao: 4
- Vitu vidogovidogo, yaani "nisaidie kidogo hapa": 7

Jumlisha. Ni 45. Mkataba unasema 40 lakini mtu anafanya 45, kitu cha kawaida sana kwa watu wa mshahara kwa sababu hakuna anayewahesabia. Kwa hiyo kufika 32 hutakiwi kutoa masaa 8, unatakiwa kutoa 13. Ukimkata mshahara kwa masaa 8 na kazi usiiguse, unakuwa umemwachia mlima wa masaa 13 aubebe bure, na hapo usishangae imeli zake zikianza kuingia siku ambayo humlipi.

Sasa kila mstari upate jibu moja kati ya manne: inabaki, inahama kwa mtu mwingine mwenye jina, inapunguzwa, au inafutwa. Kwa huyu wetu kufuatilia wanaodaiwa masaa 9 yanaenda kwa mtu wa mauzo, ambaye kwanza ndo anawajua wateja. Vikao vinashuka kutoka 4 hadi 2, maana vikao vingine alikuwa anakaa tu. Vitu vidogovidogo kutoka 7 hadi 5, kwa kuweka dirisha la maombi mara mbili kwa wiki. 9 na 2 na 2 ni 13. Tumefika.

Onyo: "timu itasaidiana" siyo jibu. Kazi isiyo na jina la mtu inarudi kwa mwenyewe, au inamwangukia yule mpole ambaye hajui kusema hapana. Na huyo wa mauzo anayepokea masaa 9 naye muulize anayatoa wapi, usihamishe tatizo kutoka dawati moja kwenda lingine. Ikionekana haiwezekani bila kuajiri mtu wa nusu siku, weka gharama yake kwenye hesabu sasa hivi kabla hujasema ndiyo.

Imekaa sawa pale orodha mpya inapojumlika 32 au chini, na kila kilichotoka kina mwenyewe aliyekubali.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pesa na likizo

Anza na uwiano: 32 gawa kwa 40 ni 0.8. Hii namba ndo itazidishwa na karibu kila kitu, lakini siyo kila kitu.

Mshahara. Wa zamani mara 0.8. Uwe namba moja ya kudumu kila mwezi, usianze kukata kwa siku au kwa saa, vinginevyo siyo mtu wa mshahara tena. Mabadiliko yaanze tarehe 1 ya mwezi wa malipo, ukianzia katikati unampa mhasibu hesabu za vipande na makosa yatatokea.

Kinachobaki mkononi. Hapa wengi wanapigwa na butwaa. Kodi ya mapato sehemu nyingi inapanda kwa ngazi, kwa hiyo mshahara ukishuka asilimia 20 kodi inashuka zaidi ya hapo, nafuu kidogo. Lakini mkopo haushuki. Chukulia mshahara ni 1,000 na anakatwa mkopo 300, kodi tuiweke pembeni: alikuwa anabaki na 700, sasa ni 800 toa 300, anabaki na 500. Mshahara umepungua asilimia 20 ila mfukoni kumepungua karibu asilimia 29. Mwonyeshe hii kwenye karatasi. Pia angalia kama sheria inaweka kikomo cha makato, Kenya kwa mfano jumla ya makato isizidi theluthi mbili ya mshahara, na mtu mwenye mikopo mingi anaweza kuvuka kikomo kwa sababu tu mshahara umeshuka.

Likizo. Hesabu kwa masaa, utaepuka ugomvi. Siku 21 za masaa nane ni masaa 168. Mara 0.8 ni 134.4. Anayefanya siku nne za masaa nane, gawa kwa 8, anapata siku 16.8. Anayefanya siku tano fupi za masaa 6.4, anapata siku 21 zilezile ila ni fupi. Wote wawili wanapumzika wiki 4.2, sawa kabisa na mwenzao wa masaa 40. Watu wanaodhani yule wa siku 16.8 ameonewa waonyeshe hapo. Ila hakikisha matokeo hayashuki chini ya likizo ya lazima ya kisheria, na siku alizokwisha kujilimbikizia kabla ya mabadiliko zisiguswe, alizipata kwa masaa kamili.

Sikukuu za kitaifa. Kama siku yake ya kutokuwepo ni Jumatatu na sikukuu ikaangukia Jumatatu, anaikosa. Ikiangukia Jumatano anapata. Njia safi ni kukusanya sikukuu zote za mwaka, uzigeuze masaa, zidisha 0.8, aingiziwe kwenye likizo yake na atumie humo siku ya sikukuu inapogongana na siku yake ya kazi.

Bima na pensheni. Bima nyingine zina kiwango cha chini cha masaa ili mtu aendelee kuwemo. Piga simu kwa kampuni ya bima upate jibu la maandishi, usikisie. Michango ya pensheni ikiwa ni asilimia ya mshahara itashuka yenyewe, mwambie.

Kiinua mgongo. Kama kinakokotolewa kwa mshahara wa mwisho, mtu aliyefanya miaka kumi kwa masaa kamili akapunguza masaa mwaka wa mwisho anaweza kulipwa miaka yote kumi kwa mshahara mdogo. Hiyo ni dhuluma hata kama hakuna aliyeikusudia. Andikeni mapema kwamba kila kipindi kitahesabiwa kwa mshahara wake.

Bonasi na malengo. Ukipunguza masaa punguza na malengo. Kumwachia KPI (vipimo vya utendaji) za masaa 40 halafu kumpa alama mbovu mwisho wa mwaka ni kumkata mara mbili.

Masaa ya ziada. Wiki ambayo 32 yamekuwa 36, yale manne yanalipwa au anafidiwa kwa mapumziko? Chagueni moja.

Hatua ya 6: Amua

Majibu ni matatu.

Ndiyo, kama hatua ya 4 imetoka safi.

Ndiyo kwa majaribio, kama una wasiwasi. Miezi mitatu inatosha, mwezi mmoja ni mfupi kwa sababu hautakutana na kipindi kigumu cha kazi. Andika mtapima nini: dedilaini zilizopitwa, malalamiko ya wateja, masaa halisi aliyofanya. "Tutaona inavyokwenda" siyo kipimo.

Hapana, lakini iwe hapana yenye sababu za kazi: gharama ya kuziba pengo, muda ambao lazima mtu awepo, hakuna wa kupokea kazi. Kisha toa mbadala, labda siku moja kila wiki mbili, labda asubiri mpaka mradi uishe, labda siku fupi badala ya siku nzima. "Nikikupa wewe wote watataka" haisimami popote, kila ombi linapimwa kivyake.

Kabla hujatuma jibu, fungua yale maombi ya nyuma. Kama mwaka jana mwanaume wa cheo kilekile alikubaliwa na leo unamkatalia mama mwenye mtoto mdogo, uwe na maelezo yanayotofautisha kazi zao. Huna? Basi rudi uangalie tena.

Hatua ya 7: Andika nyongeza ya mkataba

Ukurasa mmoja unatosha, ila hivi visikosekane:

1. Tarehe ya kuanza, na ya kuisha kama ni ya muda.
2. Masaa kwa wiki na siku zenyewe.
3. Mshahara mpya kwa namba, siyo kwa asilimia.
4. Likizo kwa masaa.
5. Bima, pensheni, kiinua mgongo, bonasi.
6. Orodha ya kazi zilizobaki na zilizotoka (ile ya hatua ya 4, iambatanishe kabisa).
7. Siku ya kutokuwepo inaweza kuhamishwa kwa taarifa ya muda gani.
8. Kurudi masaa kamili: nani anaweza kuomba, kwa notisi ya muda gani, na kama nafasi imehakikishwa au itategemea bajeti.
9. Kila kisichotajwa kinabaki kama kwenye mkataba wa zamani.

Namba 8 ndo inayogombanisha watu baadaye kuliko zote. Mfanyakazi anadhani anarudi muda wowote, mwajiri anadhani imekuwa ya kudumu. Kama hamuwezi kuhakikisha nafasi semeni hivyohivyo.

Mpe nakala akae nayo siku mbili tatu kabla ya kusaini. Halafu nakala ipelekwe kwa anayelipa mishahara na uwe umeona mwenyewe kwamba amepokea, maana mkataba ukisainiwa ukabaki kwenye droo, mwezi wa kwanza atalipwa mshahara wa zamani na wa pili utaanza kumdai hela aliyokwisha kula.

Hatua ya 8: Waambie wengine

Waambie ratiba tu, sababu ni ya mwenyewe. "Kuanzia tarehe 1 mwenzetu atakuwepo Jumatatu hadi Alhamisi. Wanaodaiwa sasa wanafuatiliwa na mauzo. Ijumaa kukiwa na dharura ya malipo mtafuteni fulani." Imetosha.

Kwenye kalenda ya ofisi siku yake ifungwe, imeli iwe na jibu la otomatiki lenye jina la anayeshika zamu, na vikao vya Ijumaa vinavyomhusu vihamishwe leo, siyo siku ya kwanza anapokosekana. Mshahara wake hauhusiki kwenye tangazo hilo kabisa.

Hatua ya 9: Mlinde wiki sita za mwanzo

Mtu wa kwanza kuvunja makubaliano huwa ni bosi mwenyewe, anapiga simu Ijumaa "swali dogo tu". Wengine wakiona hivyo nao wanapiga, na mwenyewe anajibu kwa sababu anaogopa kuonekana mvivu. Kwa hiyo wewe ndo uwe wa kwanza kunyamaza. Ujumbe wako uandike, upange utumwe Jumatatu.

Wiki ya sita kaeni nusu saa. Muulize alifanya masaa mangapi kweli, siyo aliyotakiwa kufanya. Akisema 32 mpaka 33 iko sawa. Akisema 38, usimpongeze kwa kujituma, ichukueni ile orodha mtafute kazi gani imerudi kinyemela, mara nyingi ni vitu vidogovidogo vilevile. Muulize na yule wa mauzo kama masaa 9 yamemkalia sawa.

Mwisho wa miezi mitatu toa uamuzi kwa maandishi: inaendelea, inarekebishwa, au inarudi ya zamani kwa notisi mliyokubaliana. Hata kama kila kitu kimeenda vizuri barua iandikwe, kwa sababu majaribio yasiyofungwa yanaendelea yenyewe mwaka mzima, na siku meneja mpya akija hakuna mtu atakayejua mkataba upi ndo unatumika. Iweke kwenye faili pamoja na ombi la kwanza, ile orodha ya masaa 45, na karatasi ya hesabu.